Zero ya Revers

Nina karatasi moja niliyoitunza vizuri kuliko picha za harusi yangu. Picha zililowa mwaka paa lilipovuja, nikasikitika siku mbili, basi. Karatasi haijawahi kulowa. Iko ndani ya bahasha, bahasha iko ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko uko chini ya vitenge ambavyo sivivai tena. Ni karatasi ya alama, tuliyoiita fishi: mistari kumi na mmoja iliyopigwa kwa mashine, alama kumi za wino wa buluu, na moja, ile ya mwisho, ya wino mwekundu. Hiyo ya mwisho ni zero.

Nilipewa nikiwa na miaka ishirini, hapa Bukavu, wakati wa Zaïre. Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu ya kujifunza ushonaji kazini, si darasani. Asubuhi natoka Kasha kwa miguu mpaka atelier, karakana ya fundi mmoja kule Kadutu, jioni narudi. Fundi ndiye aliyekuwa shule yangu. Mwaka wa kwanza nilipuliza makaa ya pasi na kuokota sindano sakafuni. Mwaka wa pili nilishona vifungo na mapindo. Mwaka wa tatu alinikabidhi mkasi, na mwisho wa mwaka huo kila anayejifunza kazi alipaswa kushona vazi moja kwa mikono yake, lipelekwe kwa mkaguzi atie alama. Ukishinda unapata brevet, cheti cha kazi, na ukiwa na brevet watu wanakuita fundi.

Vazi lenyewe lilikuwa abacost. Kwa asiyeikumbuka, hilo ndilo koti wanaume walilovaa baada ya suti na tai kupigwa marufuku. Linafungwa vifungo mpaka shingoni, kola imesimama, hakuna tai, na hakuna revers, yaani yale masikio mawili ya kola yanayokunjwa kifuani kwenye suti ya kizungu. Fundi aliyeshona revers siku zile alikuwa anajitafutia balaa. Hata mtoto wa shule alilijua hilo.

Mkaguzi hakuja atelier. Kwa miaka mitatu hakukanyaga pale hata mara moja, ingawa carnet yangu, daftari langu la kazi, ilikuwa na kurasa sita za ziara zake. Alizijaza zote siku moja, ofisini kwake, huku akiongea na mtu mwingine. Kwa hiyo koti ndilo lililomfuata yeye. Nililifunga ndani ya kitenge, nikalibeba kichwani nikiwa nimenyoosha shingo ili lisijikunje, nikapanda nalo mpaka mlangoni pake. Alikuwa mtu mrefu, msafi, wa sauti ya chini, na yeye mwenyewe siku ile alikuwa amevaa abacost. Naomba msomaji asilisahau hilo.

Aligeuza koti langu ndani nje. Alipima kola kwa rula. Alivuta vifungo kimoja kimoja. Alisema "safi" mara mbili, na mimi moyoni nikaanza kufungasha mizigo, kwa sababu masista wa Sange walikuwa wamekubali kunichukua nikafundishe wasichana kushona, mradi niende na brevet. Kisha akafika mstari wa mwisho.

"Revers iko wapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Papa, abacost haina revers."

"Fishi inauliza revers."

Fishi ile ilikuwa imepigwa zamani, enzi za suti, na hakuna aliyejisumbua kuibadilisha. Alibonyeza kalamu yake ya rangi nne, ikatoa nyekundu, akaandika zero. Akanirudishia koti, akaita anayefuata. Nilikosa brevet kwa alama mbili. Aliyeniandikia alikuwa amekaa mbele yangu na kifua chake kimefungwa vifungo mpaka juu, bila revers hata ya dawa.

Fundi wangu aliisoma fishi akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena, akaniambia niache kulia, karatasi ikishapigwa cachet, ule muhuri wa ofisi, imeshapigwa. Kesho yake alinirudisha kwenye makaa ya pasi, maana asiye na brevet ni mwanafunzi. Mama yangu alikuwa amekuja kwa mashua kutoka Kalehe, na kuku wawili na maharagwe ya sherehe. Alilitandika koti magotini, akaipapasa mishono yote kwa kidole gumba, akasema yeye haoni kosa liko wapi. Akarudi na kuku wake. Nafasi ya Sange akapewa msichana mwingine, ambaye hata kutia uzi kwenye mashine alikuwa anapapasa.

Nilimchukia mtu yule. Sitatafuta neno laini. Mwaka uliofuata nilirudia mtihani kwa mkaguzi mwingine, nikashinda kwa koti lilelile, nikiwa nimebadilisha kifungo kimoja tu. Hiyo haikunipoza, ilinichochea. Nilikuwa namwona kanisani Jumapili. Nilibadilisha benchi ili nikae nyuma yake, na wakati padri anahubiri mimi nilikuwa nakagua kola yake: upande wa kushoto ilikuwa imevutwa, fundi wake hakuwa fundi. Hiyo ilinipa raha kidogo. Naye akija kupokea komunyo, mimi nabaki nimekaa, kwa sababu nisingeweza kupokea na yale yaliyokuwa yanapita kichwani mwangu.

Miaka ilikwenda. Nilifanya kazi, niliolewa, nikaajiriwa kufundisha kwenye centre moja ya ushonaji mjini, na polepole watu wakazoea kuniita palipokuwa na jambo la kusema kuhusu wanafunzi wa kazini. Niliwatembelea kwenye atelier zao. Nilikaa nao. Nilikuwa mkali, lakini hakuna msichana aliyewahi kusema sikuangalia mikono yake. Kisha mafundi wakaanza kulalamika kwamba wakaguzi wanatia alama bila kujua kazi, na mkurugenzi wetu akaniandikia barua: niandae semina ya siku tano, niwafundishe wakaguzi tisa namna ya kumsaidia na kumpima mtu anayejifunza kazini. Mwishoni mimi ndiye nitakayesema nani abaki kwenye orodha na nani aondolewe. Majina yao yalikuwa chini ya barua. La saba lilikuwa lake. Nilikubali kabla sijamaliza kuisoma.

Ilikuwa miaka kumi na moja tangu ile zero. Aliingia ukumbini Jumatatu asubuhi, nywele zimeanza kuwa nyeupe, bado msafi, bado abacost. Alinishika mkono kwa heshima, akaniita maman, akaenda kukaa mbele. Hakunitambua. Hilo liliniuma kuliko zero yenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala naye kichwani miaka yote hiyo, na yeye hakunipa hata kona ya kumbukumbu.

Nataka niseme ukweli kuhusu semina ile: nilifundisha vizuri. Hata chuki yangu yote haikuharibu somo. Niliwaambia mkaguzi aende atelier, si vazi limfuate ofisini. Akifika achukue kiti, akiweke kando ya mashine, akae chini, kwa sababu mtu aliyesimama mgongoni mwako anafanya mikono yako iwe ya mtu mwingine. Aangalie mikono kabla ya vazi. Aulize kabla ya kuandika: kwa nini umeanzia hapa, hii ilikushinda wapi. Aandike kwanza kwa kalamu ya risasi, wino uje baada ya mazungumzo. Na sheria niliyoipenda kuliko zote: mwanafunzi apewe fishi mkononi, aisome yote, aseme lake, ndipo watie sahihi wote wawili. Baadhi walinung'unika kwamba nitawafundisha watoto kiburi. Nikawaambia ambaye hawezi kusomewa alama zake na msichana wa miaka kumi na minane, asiziandike.

Yeye alinakili kila kitu. Aliuliza maswali mazuri. Siku ya tatu alinisaidia kubeba viti, na nikiwa nimeshika upande wangu wa benchi nilikuwa nampangia siku ya tano.

Siku ya tano ilikuwa ya vitendo. Kila mkaguzi apewe mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, akae naye asubuhi nzima, mimi nikizunguka. Fishi mpya niliipiga mwenyewe kwa mashine ya ofisi, mistari kumi, yote ya abacost. Nilipiga nane za namna hiyo. Ya tisa, ile ya kwake, niliipa mstari wa kumi na moja. Niliandika neno moja tu: Revers. Kisha nikachukua cachet kwenye droo ya mkurugenzi, nikagonga zote tisa.

Na mwanafunzi wake nilimchagua kwa makini. Kulikuwa na msichana mmoja mkimya, anayeshona kwa mkono wa kushoto, ambaye koti lake halikuwa na dosari yoyote. Ndilo alilokuwa anamalizia kwa ajili ya brevet, mtihani ulikuwa Jumatano inayofuata, na kitambaa kile cha kijivu ukoo mzima ulikuwa umemtafutia. Nilitaka kazi safi kabisa ili zero ionekane wazi kuwa ni ya mtu aliyeiandika. Sikumwambia chochote. Angejua, uso wake ungeniharibia mtego.

Asubuhi ile sikufurahi kama nilivyotarajia, kwa sababu mzee alifanya vizuri. Alivuta kiti, akakaa. Aliangalia ule mkono wa kushoto unavyoingiza uzi, akamwuliza msichana kama mkasi wa watu wa mkono wa kulia haumpi taabu, jambo ambalo hata mimi sikuwahi kumwuliza. Msichana akacheka, akamwonyesha jinsi anavyougeuza. Aliandika kwa kalamu ya risasi. Nilipita mara tatu, na mara ya tatu nikaanza kuogopa kwamba amebadilika, kwamba miaka yangu kumi na moja itaishia kwa yeye kushinda na mimi kutia sahihi. Niliomba asibadilike. Nasema niliomba, na aliyeniumba anajua.

Akafika mstari wa mwisho. Kutoka mwisho wa ukumbi nilimwona anasimamisha mkono. Alitazama koti, akatazama fishi, akaitazama ile cachet. Aliniangalia, na mimi nikajifanya nahesabu vifungo kwenye kopo. Kisha akatoa kalamu yake. Sikuhitaji kusogea karibu ili nijue ni rangi gani.

Niliwaita wote. Sikungoja hata wamalize. Waliacha mashine wakaja kuizunguka meza yangu, wakaguzi wanane na yeye wa tisa, nikamwomba anipe fishi. Aliniambia amempa msichana aisome kwanza, kama nilivyowafundisha, na kwamba ameshaisoma. Akaenda kuichukua, akaniletea. Nikaitandika mezani. Kisha nikafungua mkoba, nikatoa bahasha yangu, nikaitandika ile ya zamani pembeni yake. Zero mbili nyekundu, kwenye mstari uleule, za mkono uleule. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno yangu kwa miaka, mbele ya pasi, mbele ya sufuria. Niliwaambia hivi ndivyo mkaguzi anavyomwua fundi bila kumgusa. Niliwaambia msichana wa fishi ya kwanza alikuwa mimi. Niliwaambia mtu huyu amekaa siku tano ananakili, lakini bado anapima karatasi, hapimi kazi. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na sitadanganya, ilikuwa tamu.

Yeye aliangalia fishi ya zamani. Alisema hanikumbuki, na kwamba anaomba pole. Alisema kwa sauti yake ileile ya chini, na wenzake wakaanza kutazama viatu. Kisha akaweka kidole juu ya ile mpya.

"Maman, hii iko na cachet. Miye sijafutaka mustari ya karatasi yenye iko na cachet. Nilijua koti haiombake revers. Nani aliiandika hapa?"

Wengine walikuwa na fishi zao mkononi. Mmoja akaanza kuangalia ya kwake, akihesabu mistari kwa kidole.

Hapo ndipo nilipomwona msichana. Alikuwa amebaki peke yake kwenye mashine yake, ametupa mgongo, hajui kama kuna somo linaendelea. Alikuwa na wembe. Kola yote ilikuwa imefumuliwa inaning'inia, na alikuwa ameshakata kitambaa cha mbele, kulia na kushoto, kushuka mpaka tundu la pili la kifungo, na sasa alikuwa anakikunja nje kwa vidole na kukipiga pasi kwa ukucha. Nilimkimbilia. Nilimwuliza anafanya nini.

"Natengeneza revers, maman," akasema. "Papa ameniandikia zero, lakini mtihani bado. Nikiharakisha itaisha mbele ya Jumatano."

Hakuwa analia. Alikuwa anafanya kazi. Mkunjo wenyewe ulikuwa umenyooka vizuri, kwa sababu mikono yake ilikuwa mizuri hata ikiharibu.

Mshonaji yeyote ataniambia kilichofuata. Mshono ukifumuliwa unashonwa tena, kitambaa kikikatwa kimekatwa. Nilifunga semina saa ileile, nikasema tumechoka, nikakusanya fishi zote tisa kabla mtu hajazilinganisha. Yule mzee aliondoka wa mwisho. Alisimama mlangoni kana kwamba bado anangoja jibu, kisha akaniaga kwa heshima, akashuka.

Ripoti niliiandika Jumamosi. Niliandika kwamba mkaguzi wa saba anafuata karatasi na haangalii kazi, hafai, aondolewe. Ilikuwa kweli kila neno. Wakamwondoa. Kanisani alianza kukaa nyuma, na mimi nikarudi kwenye benchi langu la zamani, mbele. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilikifurahia. Wanaosema kisasi hakina ladha sijui wao walionja nini.

Ila kulikuwa na carnet ya yule msichana. Jumatano hakuwa na vazi. Ningeweza kwenda kwa mkurugenzi, nikaeleza, angempa mwezi mmoja na kitambaa kingine, hakuwa mtu mbaya. Lakini kueleza kulikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa lile swali la mzee: nani aliiandika. Nilizunguka mlango ule siku nne, sikuufungua. Msichana aliandikwa kurudia mwaka, na kwenye carnet palikuwa na ukurasa ambapo mwalimu anaandika sababu. Mwalimu nilikuwa mimi. Niliandika: vazi halikuwa tayari.

Nikampa asome kwanza, kwa kuwa ndiyo sheria niliyoiweka. Alisoma polepole, akageuza ukurasa kuona kama kuna kingine, akaurudisha. Nilimwuliza kama ana la kusema kabla ya kutia sahihi.

"Maman, mwaka kesho niweke revers ao nisiweke?"

Nilimwambia asiweke. Akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake vizuri, kisha akaniuliza kama ni hivyo, kwa nini yule papa alimpa zero.

"Yule papa alikosea," nikamwambia.